Mbao gani kwa korido inayokanyagwa kutwa?

Swali: "Fundi, tunataka kung'oa vigae na kuweka sakafu ya mbao kwenye korido inayotoka mlango wa mbele hadi jikoni, jikoni kwenyewe, na sebule. Tuna watoto watatu na mbwa mmoja mkubwa, na mlango ule haupumziki. Chini ni zege. Muuzaji wa kwanza anasema tuchukue mbao iliyo ngumu kuliko zote, ya rangi ya giza, yenye kung'aa, na hatutasumbuka tena. Wa pili ana mbao za tabaka, na mume wangu anasema hizo ni plaiwudi iliyovishwa koti. Tumsikilize nani?"

Dada yangu, kila mmoja wao ana kipande cha ukweli, mumeo akiwemo. Ila vipande hivyo havitoshi kukuwekea sakafu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Nianze na ugumu, maana ndilo neno linalouza mbao. Namba za ugumu unazoonyeshwa dukani hutokana na kipimo cha Janka, kilichobuniwa mwaka 1906 na Gabriel Janka, mtafiti wa mbao kutoka Austria. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hukandamizwa juu ya ubao hadi nusu yake izame, kisha husomwa nguvu iliyohitajika. Mara nyingi namba hiyo huandikwa kwa pauni. Msonobari mweupe huishia kwenye 380 hivi. Mjozi mweusi ni 1,010, mtiki uko jirani yake, mvule 1,260, mwaloni mwekundu 1,290, mwaloni mweupe 1,360, mepo ngumu 1,450, hikori 1,820. Halafu wanakuja wababe wa misitu ya Amerika ya Kusini: jatoba 2,350, na ipe inayopita 3,500. Nahisi muuzaji wako alikuwa ameshika mmoja kati ya hao wawili.

Sasa itazame gololi ile inafanya nini. Inabonyeza. Haikwaruzi, haisugui, haimwagi maji. Tena inabonyeza ubao mtupu, kabla haujapakwa chochote. Kwa hiyo namba ya Janka inakujibu swali moja tu: sufuria ikiponyoka mkononi, itaacha shimo la kina gani? Ni swali la maana jikoni na sebuleni, ambako vitu huanguka na viti huburutwa. Lina maana pia kwa viatu vya visigino vyembamba. Mtu wa kilo 60 akiegemea kisigino chenye eneo la sentimita 1 ya mraba, kilo zote 60 zinaishia kwenye sentimita hiyo moja. Tembo wa tani 4 aliyesimama kwa miguu yote minne hafikishi hata kilo 2 kwa sentimita ya mraba. Huwa nawatania wenye nyumba kwamba, mradi zege libebe, ni afadhali nimkaribishe tembo kuliko mgeni ambaye kisigino chake kimeng'oka mpira kikabaki na msumari.

Lakini koridoni kwako adui ni mchanga. Chembe za mchanga kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatsi, ambayo kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini hupata 7, wakati chuma cha kisu cha kawaida hupata 5 na ushee. Kila soli ya mtoto inayoingia na mchanga ni kipande cha msasa kinachotembea. Na msasa huo haugusi mbao kwanza, unagusa vanishi. Vanishi iliyo juu ya ipe ni vanishi ile ile iliyo juu ya mwaloni, na mchanga hauulizi chini yake kuna nini. Ndiyo maana nikishafika kwenye ugumu wa mwaloni au mvule, natulia. Msonobari kwenye korido ya watoto watatu na mbwa utajaa mashimo mapema, hilo sina ubishi nalo. Ila ukipanda kutoka mwaloni kwenda ipe, gharama inaongezeka sana na michubuko haipungui.

Mbao ngumu kupindukia zina karaha zake pia. Zinakula meno ya msumeno, misumari haiingii bila kutobolewa njia kwanza, na siku ya kuzipiga msasa upya fundi atakutoza kwa jasho lake. Baadhi zina mafuta ya asili yanayokataa gundi na vanishi. Kuna na suala la karatasi. Ipe na kumaru, mti mwingine mgumu wa Amerika ya Kusini, ziliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022, na masharti yake yakaanza kufanya kazi miaka 2 baadaye. Mkutano huo huo uliziingiza jamii za Afrika za mbambakofi, mninga na mkangazi. Hiyo haina maana kwamba ni marufuku kuzinunua. Maana yake ni kwamba mzigo unaovuka mpaka unatakiwa uwe na kibali. Muuzaji anayeona aibu kukuonyesha kibali, mwache na mbao zake.

Kwenye rangi ya giza na mng'ao ndipo muuzaji amekupoteza kabisa. Mchubuko wa vanishi huonekana kama mstari mweupe. Juu ya ubao wa rangi ya asali unamezwa. Juu ya ubao mweusi unapiga kelele. Vumbi ni hivyo hivyo, na manyoya ya mbwa, na nyayo za miguu iliyotoka kuoga. Mng'ao nao ni kioo: ukikwaruzwa, taswira inakatika palepale na jicho linaenda hapo. Niliwahi kuitwa na familia moja iliyokuwa na hasira kweli kweli. Walikuwa wameweka jatoba iliyotiwa rangi nyeusi zaidi, ikapakwa vanishi ya kung'aa, na haikufika mwaka. Nilipopiga magoti sikuona shimo hata moja; ubao ulikuwa umesimama imara kama ulivyouzwa. Lakini jua la jioni lilipoingia kwa ubavu kupitia mlangoni, korido nzima ilionekana kama kitako cha sufuria kilichosuguliwa kwa steliwaya. Walidhani wameuziwa mbao bandia. Mbao ilikuwa halisi. Kilichochoka ni ngozi yake, na rangi ile haikuwa na huruma ya kuificha.

Kwa hiyo chagua rangi ya katikati, karibu na rangi ya vumbi linaloingia kwenu, na umaliziaji usiong'aa. Kama unapenda mbao zenye vifundo na mabaka ya asili, ndiyo afadhali zaidi, kwa sababu jicho linachanganyikiwa lisijue kovu lipi ni la mti na lipi la kiti. Hapa mwaloni unaishinda mepo ingawa mepo ni ngumu zaidi. Mwaloni una vinyweleo wazi na mistari inayocheza, na mbonyeo unajificha humo. Mepo ina uso laini na sare kama karatasi, kwa hiyo kila kovu linasomeka. Tena mepo ukiitia rangi, inapokea kwa mabaka.

Tukaingie jikoni, kwenye maji. Kuna mwaloni na mwaloni, na dukani huwa hawakwambii tofauti. Mwaloni mwekundu una mirija iliyo wazi: chukua kipande kifupi kilichokatwa kufuata urefu wa nyuzi, chovya ncha moja majini, puliza ncha nyingine, na utaona mapovu yakitoka. Mwaloni mweupe mirija yake imezibwa na mti wenyewe, ndiyo maana mapipa ya mvinyo hutengenezwa kwa huo. Kwenye sakafu ya jikoni tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya pauni 1,290 na 1,360. Ila miti yote miwili ina tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma na maji huacha doa jeusi. Bakuli la chuma la maji ya mbwa, au mguu wa stuli wenye kutu, ndiyo mambo yanayofanya hivyo. Weka kitako cha mpira au sahani ya udongo chini ya bakuli.

Mtiki ni mlaini kuliko mwaloni kwa namba za Janka, lakini una mafuta yake ya asili na hautanuki ovyo, ndiyo maana ulipendwa kwenye sitaha za meli. Ungeniuliza kwa ajili ya jikoni peke yake, ningeuweka karibu sawa na mwaloni mweupe. Mbonyeo utapata zaidi. Kupindapinda utapata kidogo.

Neno hilo la kupinda ndilo linalonipeleka kwenye ubishi wa mumeo. Mbao, hata ikiwa imekufa miaka mia, inaendelea kuvuta na kuachia unyevu. Hewa ya nyumba ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 9 hivi. Hewa ikikauka hadi 30, mbao inashuka kwenye 6. Hewa ikifika 80, mbao inapanda hadi 16. Na kila asilimia ina milimita zake. Ubao wa mwaloni wenye upana wa sentimita 20, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, ukipoteza asilimia 4 za unyevu unanywea karibu milimita 3. Hiyo ni nafasi ya kupitisha sarafu. Ubao wa sentimita 7 unanywea milimita 1, na mianya inagawanyika midogo midogo usiyoiona. Mtiki hunywea nusu ya mwaloni. Ubao wa mwaloni uliopasuliwa kufuata mstari unaotoka moyo wa gogo kwenda gome nao hunywea nusu, ila gogo hutoa mbao chache za namna hiyo, na utalipia.

Mbao za tabaka zilibuniwa kwa ajili ya tabia hiyo. Juu kuna mbao halisi, chini kuna plaiwudi ambayo kila tabaka lake limelazwa kinyume cha jirani yake, hivyo moja likitaka kutanuka, jingine linalizuia. Mumeo amesema kweli: ni plaiwudi iliyovishwa koti. Swali alilosahau kuuliza ni koti lina unene gani. Zipo za milimita 0.6, ambazo mashine ya msasa ikizigusa tu plaiwudi inachungulia. Zipo za milimita 2, zinazovumilia msasa mara moja kwa fundi mwenye mkono mwepesi. Na zipo za milimita 4 hadi 6. Kupiga msasa sakafu nzima kwa mashine huondoa kati ya nusu milimita na milimita 1, kwa hiyo hizo za mwisho unaweza kuzifanya upya mara mbili, tatu, hata zaidi.

Watu hulinganisha milimita 4 hizo na ubao mzima wa milimita 19 wakaona wanapunjwa. Lakini ubao mzima una ulimi ubavuni unaoingia kwenye mfereji wa mwenzake, na ukishasugua hadi karibu na ulimi, sakafu imekwisha. Juu ya ulimi kwa kawaida kuna milimita 6 hivi. Zile nyingine zote zinakaa chini zikisubiri siku isiyofika. Wala usichanganye mbao za tabaka na laminati. Laminati ni picha ya mbao iliyobandikwa juu ya unga wa mbao uliogandamizwa, na picha haipigwi msasa.

Juu ya zege, dada yangu, mimi huchagua tabaka. Ubao mzima kwa kawaida unahitaji kitu cha kupigiliwa misumari, na zege halikubali bila kuwekewa fremu au plaiwudi kwanza, jambo ambalo litainua sakafu yako na kukulazimu kukata milango chini. Mbao za tabaka zinagundishwa moja kwa moja. Kuna wanaozilaza bila gundi, zikaelea juu ya tandiko la povu. Ni haraka na si kosa, ila kwenye korido yenye watoto wanaokimbia utasikia mlio wa ngoma. Gundisha.

Ila kabla ya gundi kuna jambo limeharibu sakafu nyingi kuliko mbwa na watoto wakijumlishwa, nami nililijifunza kwa fedha yangu. Mwanzoni mwa kazi niligundisha mbao nzuri sana juu ya zege lililoonekana kavu. Liligeuka jeupe, mkono ukilipapasa hausikii ubaridi, nikasema tayari. Miezi miwili baadaye kingo za kila ubao zilikuwa zimenyanyuka na katikati pamezama, kama vijiko vilivyopangwa. Maji yalikuwa ndani ya zege yakipanda polepole, upande wa chini wa mbao ukanywa na kutanuka, upande wa juu ukabaki vile vile. Niling'oa yote.

Kanuni ya mafundi ni kwamba zege jipya linahitaji kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene ili likauke, na likiwa nene linachelewa zaidi ya hesabu hiyo. Zege lako si jipya, lakini lina mtego wake: limefunikwa na vigae. Vigae havilalamiki kuhusu unyevu, kwa hiyo hujui kama chini ya zege kuna karatasi ya kuzuia maji au hakuna. Ukishang'oa vigae, chukua nailoni nzito yenye nusu mita kila upande, ibandike kwa utepe pande zote nne pasiachwe hata tundu, uiache angalau saa 24, na siku tatu ni bora zaidi. Ukiifunua ukakuta matone, au zege limegeuka rangi ya giza, usiweke mbao mpaka sababu ijulikane. Nailoni ikiwa kavu, bado haijakupa ruhusa. Imekosa tu kukuonya. Ruhusa hutolewa na kipimo cha kitaalamu, kinachoingizwa kwenye shimo lililotobolewa hadi asilimia 40 ya unene wa zege. Mahali pengi mafundi hutaka unyevu wa hewa ya shimo hilo usome chini ya asilimia 75, lakini kopo la gundi lina neno la mwisho.

Mbao nazo zipimwe. Utaambiwa uziache ndani siku tatu zizoee hewa. Siku si kipimo. Plasta iwe imekauka, madirisha yamewekwa, nyumba iko kama mtakavyoishi, ndipo mbao ziingizwe na kupimwa mpaka namba itulie. Na pembeni mwa kuta uachwe mwanya wa milimita 10 hadi 15, utakaofichwa na ubao wa ukutani. Fundi akikwambia mwanya hauhitajiki kwa sababu "mbao hizi hazitanuki", mtafute mwingine.

Imebaki ngozi, yaani mpako wa juu. Kuna mbao zinazokuja zimeshapakwa kiwandani, kwa tabaka zenye chembe za oksidi ya alumini zilizokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV). Hakuna vanishi ya brashi inayozifikia kwa kuvumilia mchanga. Lakini siku zikichoka mahali pamoja, huwezi kupagusa hapo tu. Mpako mpya unaokwenda juu yake huonekana kama kiraka, na msasa unahangaika. Upande mwingine kuna mafuta ya nta ngumu, yanayoingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu. Yanachubuka mapema zaidi, lakini unaweza kupiga magoti Jumamosi asubuhi na msasa mwembamba na kitambaa, ukatengeneza mita moja mbele ya mlango, na jioni hakuna atakayejua. Kwa korido yenu mimi ningechukua mafuta, kwa sababu uchakavu wenu utakuwa wa mahali maalumu: mlangoni, kona ya jikoni, mbele ya sinki. Ikiwa hakuna mtu nyumbani atakayepiga magoti hayo mara moja au mbili kwa mwaka, basi chukua ya kiwandani isiyong'aa, ukijua ulichoacha. Sikulaumu. Wengi wananiahidi magoti na siyaoni.

Usisubiri ngozi iishe. Dondosha tone la maji koridoni. Likisimama kama shanga, vizuri. Likizama ndani ya dakika moja na mbao ikageuka rangi, umechelewa kidogo, fanya wiki hii. Ukiona kijivu, maji yameshaingia ndani na msasa ndiyo dawa.

Matunzo ni machache. Zulia la kufutia miguu nje, lingine ndani, refu la kutosha hatua mbili au tatu. Lisiwe na mgongo wa mpira, kwa sababu mpira unaweza kuacha doa. Feliti, yaani vipande vya kitambaa kinene, chini ya miguu ya viti, nayo ibadilishwe, maana feliti iliyojaa mchanga ni msasa mwingine. Kucha za mbwa zikatwe. Kudeki kwa maji ya ndoo mkusahau; kitambaa kilichokamuliwa kinatosha, na mashine za mvuke zibaki kwenye vigae. Usipake nta juu ya vanishi hata kama chupa imeandikwa sakafu ya mbao, kwa kuwa mpako unaofuata hautashika.

Ukitaka oda yangu, iandike hivi: mbao za tabaka, koti la mwaloni mweupe lisilopungua milimita 4, upana wa sentimita 12 hadi 14, rangi ya asili, mafuta ya nta ngumu, kugundishwa zege likishapimwa. Korido, jikoni na sebule ziwe za aina moja, zikilazwa kufuata urefu wa korido. Kabla hujalipa, omba kipande kimoja cha sampuli, kiweke mlangoni wiki mbili watoto na mbwa wakikanyage, kikwaruze kwa ufunguo, kimwagie maji ukiache usiku kucha, kisha ukitazame asubuhi kwa mwanga wa ubavu.

Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo. Zitakazobaki zisiende stoo ya nje. Zihifadhi ndani ya nyumba, chini ya kitanda, zivute hewa ile ile mnayovuta ninyi. Na ubao mmoja uuache mahali penye mwanga, kwa sababu mwaloni hubadilika rangi kadiri miaka inavyokwenda, na siku utakapohitaji kuziba kiraka mbele ya mlango, huo ndio utakaofanana na wenzake.